Fomu ya Bima kwa Jina la Shangazi

Kijiwe chenyewe ni kiti cha basi. Ni kile kiti kirefu cha nyuma, cha abiria watano, ambacho Fundi Pancha alikinunua kwa wauza vyuma chakavu, akakiegemeza kwenye ukuta wa banda lake la kuziba matairi, na tangu hapo hakijawahi kupoa. Upande wa pampu hukaa Wakili, ambaye sheria hakuisoma popote ila alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akibeba mafaili ya kesi za watu mpaka akaona zote zinafanana. Katikati hukaa Asilimia, karani mstaafu wa sensa, mzee mwembamba asiyeweza kukwambia mvua itanyesha bila kukupa hesabu yake. Upande wa pili wanaacha nafasi kwa wateja wanaosubiri. Mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, yupo Bi Birika na kahawa yake. Anamimina, anasuuza vikombe, na hasemi sana, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, akifika hapo asubuhi hukuta maneno ya siku nzima yameshatumiwa.

Alasiri hiyo, jua likiwa bado kali, Leseni alifika akisukuma pikipiki. Jina la kuzaliwa wanalijua, lakini wiki tatu nyuma alipita kijiweni akimwonyesha kila mtu kadi yake mpya ya udereva, hata Bi Birika ambaye siku hiyo hakuwa na miwani, na kuanzia hapo hawakumwita kwa jina jingine.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Wakili. Mbona unaikokota kama ng'ombe asiyetaka josho?

— Haina bima.

— Si ulikwenda kuitafuta?

— Nimekwenda ofisi nne. Mojawapo walitaka kuiona, nikawapelekea. Walipoiona wakasema wameiona.

Aliiegemeza ukutani, akaketi, akavua kiatu cha kushoto. Kisigino kilikuwa kimechubuka. Bi Birika alimpa kikombe bila kuulizwa.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya shangazi yake, mkunga. Shangazi aliipanda miaka kumi na minne, kwenye tope na kwenye vumbi, akiwafuata wajawazito majumbani mwao, mpaka magoti yalipogoma kabisa. Hakuiuza. Aliifunika kwa shuka, akasema itamsubiri mtu. Mtu huyo alikuwa Leseni, aliyesomea kazi ya maabara, kisha akakaa miaka miwili akijitolea katika zahanati ya jirani, akiosha vioo vya darubini bila mshahara. Sasa maabara ya hospitali kubwa ilikuwa inatafuta mtu wa kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati tisa za pembezoni na kuzifikisha kabla hazijaharibika. Walimtaka awe na pikipiki, leseni na bima. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

— Haya, tusomee mashtaka, alisema Wakili. Ofisi ya kwanza?

— Kijana aliandika umri wangu kwenye kompyuta, akaingiza na tarehe ya leseni, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Aliona aibu kuitamka bei.

— Ya pili?

— Chini ya miaka ishirini na mitano hawakati kabisa.

— Ya tatu?

— Wanakata, ila leseni iwe imetimiza mwaka. Nikamuuliza, huo mwaka wa kuendesha nitaupata wapi ikiwa bila bima siruhusiwi kuendesha? Akaniambia, wengi wanauliza hivyo.

— Akaishia hapo?

— Akaita mtu mwingine kwenye foleni.

Asilimia alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

— Tatizo lako ni umri. Asilimia sabini na tatu ya wanaoanguka ni vijana. Ukisimama mbele ya kaunta, wao hawaoni binti, wanaona asilimia.

— Lakini mimi sijaanguka barabarani, babu.

— Hujaanguka bado. Wanakutoza kwa ajili ya hiyo bado.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, aliongeza Wakili. Ndiyo maana wanawakunja nyinyi. Mtu kama mimi nimeshakauka, wakinikunja nitavunjika, watapata hasara.

Leseni alijua methali haikukusudiwa hivyo, lakini alikuwa amechoka, na Wakili ukimsahihisha methali moja hukulipa tatu.

— Na ofisi ya nne? aliuliza Fundi Pancha, ambaye alikuwa amechuchumaa akibandua tairi kwenye rimu.

— Hapo kulikuwa na dada mstaarabu. Alinieleza vizuri. Kuna bima ndogo, inawalipa wale utakaowaumiza wewe barabarani. Na kuna bima kubwa, inalipa hao, inalipa na pikipiki yako, na wewe mwenyewe ukivunjika. Maabara wanataka kubwa. Hiyo kubwa, kwa umri wangu, ya mwaka mmoja, ingenunua nusu ya pikipiki.

— Nusu ipi, ya mbele au ya nyuma? aliuliza Asilimia.

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

— Kata ndogo, alisema Fundi. Stika zinafanana. Unaibandika juu ya taa, trafiki akiwa mbali hasomi maandishi.

— Akiwa karibu?

— Akiwa karibu unakuwa umeshampita.

— Maabara hawataki stika, wanataka karatasi.

— Basi tafuta karatasi ya mtu, utoe fotokopi iliyofifia. Fotokopi ikififia vizuri, kila mmoja anasoma anachokitaka.

— Mnamfundisha mtoto jela, alisema Asilimia. Mwanangu, wewe ongeza umri. Andika thelathini na moja. Umri ni akiba, na akiba haiozi.

— Kitambulisho kinasema ishirini na moja.

— Basi olewa. Asilimia arobaini ya waliofunga ndoa huendesha polepole, kwa sababu hawana haraka ya kufika nyumbani.

— Niolewe kwa ajili ya bima?

— Watu wameoana kwa sababu ndogo kuliko hiyo, alisema Bi Birika, akaendelea kusuuza vikombe.

Wakili aliona mazungumzo yanamponyoka. Akajikohoza kama walivyokuwa wakijikohoza mahakimu aliowabebea mafaili.

— Mnapapasa tu. Mambo ya sheria yanataka ufundi. Pikipiki ni nini? Ni chombo cha magurudumu mawili. Fundi, mfungie la tatu hapo ubavuni. Ikishakuwa na matatu, siyo pikipiki tena.

— Itakuwa nini?

— Hilo wao ndio watalitafuta, na mpaka walipate, mwaka wa bima utakuwa umekwisha. Mwenye nguvu mpishe.

Ilikuwa vigumu kujua ni nani alikuwa anampisha nani. Hata hivyo Fundi alikuwa ameacha tairi, anaupima ubavu wa pikipiki kwa macho, kama mtu anayewaza pa kuchomelea.

— Ya nini yote hayo, alisema Asilimia, ambaye hakupenda kuzidiwa. Iandikisheni kwa jina la marehemu. Marehemu ana asilimia sifuri ya ajali tangu siku aliyozikwa.

— Marehemu gani, babu?

— Yeyote mwenye tabia nzuri.

— Au itolewe injini, alisema Fundi. Bila injini hiyo ni baiskeli nzito. Unaikatia bima ya baiskeli, halafu injini inapanda juu yake kama mzigo.

Leseni aliinamia kikombe chake. Hawa hawakuwa watu wabaya kwake. Walimshikia pikipiki uwanjani mwezi mzima alipokuwa akijifunza kugeuza, Wakili akikimbia nyuma yake na kandambili mkononi; na siku aliyoanguka kwenye majani, Fundi aliinyoosha breki bila kusema neno nyumbani kwao. Ila leo kila neno lao lilimwongezea uzito mabegani. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, na hapo alipokaa hakuwa na kitu alichokwenda kukitafuta. Alikuwa na kitu kingine. Akaona bora akiseme.

Akatoa bahasha kwenye begi.

— Nje ya ile ofisi ya nne kulikuwa na wakala amesimama na mkoba. Alinisikia nikiuliza bei. Akaniambia, pikipiki ni ya nani? Nikasema ya shangazi. Akasema basi nimejisumbua bure. Shangazi ana miaka kumi na minne bila ajali. Bima kubwa ikatwe kwa jina lake, aandikwe yeye ndiye mwendeshaji mkuu, bei inashuka mpaka robo. Yeye atie sahihi tu. Fomu hii hapa, ameshaijaza. Anataka niirudishe kabla hawajafunga, saa kumi na nusu.

Kijiwe kikachangamka, kama mgonjwa aliyesikia dawa imepatikana.

— Si ungesema tangu mwanzo, alisema Wakili. Hilo ndilo jibu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe mgeni unaingia, shangazi mwenyeji anapona.

— Anapona nini, na magoti yale? aliuliza Leseni.

— Anapona tu. Ni lugha ya sheria.

— Na shangazi mwenyewe anasemaje? aliuliza Fundi.

— Nimempigia. Amesema, lete nitie sahihi, kuna kitu gani nimewahi kukukatalia. Lakini shangazi siku hizi hata kitandani hapandi bila kushikwa mkono. Hapa pameandikwa anaendesha siku sita kwa wiki.

— Asilimia tisini na tano ya fomu hakuna anayezisoma, alisema Asilimia.

— Na wakisoma?

— Tunasema siku hiyo alikuwa anaendesha yeye, akasikia kiu, alisema Wakili. Akakuachia uishikilie kidogo. Ukaishikilia mpaka hospitali.

Walikuwa wameshafika hapo mtu mmoja aliposimama mbele ya banda. Hawakumjua. Alikuwa wa makamo, shati safi lililopigwa pasi, na kwapani amebeba gurudumu moja jembamba lenye tairi isiyo na upepo.

— Habari zenu. Naomba kuzibiwa pancha.

— Nzuri. Lete, kaka, alisema Fundi. La baiskeli?

— La kiti.

Fundi alilipokea, akaligeuza, akaona ile pete ya chuma ya kusukumia kwa mikono iliyozunguka rimu. Hakuuliza zaidi. Mgeni alikaa mwisho wa kiti, kwenye nafasi ya wateja, akapokea kahawa, akashukuru. Wenyeji wakaendelea, kwa kuwa mgeni akikaa kijiweni hawezi kusema hajakaribishwa mpaka kwenye siri.

— Nipe nione, alisema Wakili akiichukua fomu, akiishika mbali na macho. Safi kabisa. Hapa sahihi, hapa sahihi, hapa tarehe. Nenda sasa hivi kwa shangazi, nusu saa umerudi. Jumatatu uko kazini.

— Na ukiwa kazini usiseme sana, alisema Asilimia. Ukimya una asilimia mia.

— Moyo unanikataa, alisema Leseni kwa sauti ndogo.

— Moyo haukati bima, alisema Wakili.

Mgeni alikuwa ameshikilia kikombe kwa mikono miwili. Alikitua chini taratibu.

— Samahani, wazee, nimesikia bila kualikwa. Binti, nikuulize kitu kimoja.

— Uliza, baba.

— Siku ukimgonga mtu, utamwambia wewe ni nani?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Leseni akajiona amesimama barabarani, boksi la sampuli limepasuka, mtu yuko chini, na yeye anatafuta la kusema. Jina lake halikuwa kwenye karatasi. Jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa limelala chumbani na mto chini ya magoti.

Wakamtazama Wakili. Wakili alivuta pumzi ya methali, ikatoka bila methali.

— Hapo, alianza Asilimia, hapo inategemea kama...

Fundi Pancha alikuwa akisugua tyubu kwa msasa. Akawa anasugua pale pale.

— Sikulaumu, mwanangu, alisema mgeni. Nauliza kwa sababu sisi tuliambiwa majina mawili. Mke wangu alikuwa anavuka kwenda kazini, yeye ni mwalimu wa chekechea. Kijana akakata kona, akampitia. Kijana mzuri tu, hakukimbia. Alikuja wodini kila siku, wiki tatu, akikaa chini kwa sababu viti havikutosha. Bima anayo, kubwa kabisa, ila ya jina la kaka yake. Kaka yake siku hiyo alikuwa mji mwingine, kazini, amesaini daftari la kuingia. Kampuni wakasema, tuliyemkatia bima hakuwepo. Na aliyekuwepo hatumjui.

Aliokota kikombe chake, akanywa funda moja.

— Huu mwaka wa pili. Barua zinakwenda, zinarudi. Kwa karatasi, mke wangu hakugongwa na mtu.

Gari lilipita, vumbi likapanda, likashuka. Bi Birika alifunika vikombe kwa kiganja, kisha akasahau kukiondoa.

— Na yule kijana? aliuliza Leseni.

— Ameuza pikipiki, anatuletea kidogo kidogo. Lakini hawezi. Ana miaka ishirini na miwili. Nikimwona anakuja na ile bahasha yake namwonea huruma, halafu nikiingia ndani nikimwona mke wangu, huruma yenyewe sijui niipeleke wapi.

Fundi aliitia tyubu kwenye beseni la maji kutafuta mapovu. Hayakutoka. Akaitia tena. Kisha akairudisha kwenye tairi, akaijaza upepo, akaibonyeza kwa vidole gumba, akalisimamisha gurudumu mbele ya mwenyewe. Wakaelewana malipo kwa sauti ya chini. Mgeni alifuta vumbi kwenye ile pete ya chuma kwa kitambaa chake cha mfukoni, akalitia gurudumu kwapani.

— Asanteni kwa kahawa. Kazi njema, binti.

— Asante, baba. Mpe pole mama.

— Zitafika.

Walimtazama mpaka alipokata kona. Wakili bado alikuwa na fomu mkononi. Aliikunja mara moja, akaikunjua, akamrudishia Leseni bila kumtazama usoni.

— Mimi nilibeba mafaili, alisema. Sikuwa nikiyafungua.

Leseni alitoa simu.

— Shangazi, usinisubiri. Fomu siileti.

Kule upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayejigeuza kwa shida.

— Basi ngoja nivue miwani, alisema shangazi. Nilikuwa nimeshaivaa. Hakuuliza kwa nini. Halafu akasema: Niliogopa kukukatalia.

Simu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Msimamizi wa maabara alimsikiliza mpaka mwisho, ambalo lilikuwa jambo jipya kwa siku hiyo. Leseni alimweleza kwamba bima kubwa ya mwaka haiwezi, na ya uongo haitaki. Kwamba anaweza kukata ndogo, ya miezi mitatu, kwa jina lake. Msimamizi alihema. Akasema zahanati tisa asahau. Kuna mbili za karibu, barabara za ndani, ambako humtuma mtu yeyote mwenye nafasi. Kwa hizo ataandika barua Leseni akubaliwe akiwa na bima ndogo. Malipo yake ni ya zahanati mbili. Mengine wataangalia akitimiza mwaka bila ajali.

— Hiyo bima si itakula karibu yote? aliuliza msimamizi.

— Itakula, alisema Leseni.

Alipokata simu aliwaeleza. Asilimia akaanza kupiga hesabu kwa vidole, akafika kidole cha tatu, akaiacha.

— Zahanati mbili ni zahanati, alisema.

— Nitauangalia mnyororo kabla ya Jumatatu, alisema Fundi. Iache hapa. Ofisini nenda kwa miguu, usiisukume tena.

Leseni alivaa kiatu chake, kisigino kikamuuma upya. Aliinua kikombe akaomba kidogo cha mwisho. Bi Birika aliinamisha birika mpaka mdomo ukatazama chini, yakatoka machicha. Akaonyesha kwa mkono kwamba imekwisha, akaanza kukusanya vikombe, na wazee wawili wakabaki wamekaa kwenye kiti cha basi wakiwa na vikombe vitupu wasivyotaka kuvitoa.

Aliifikia ile ofisi ya nne robo saa kabla ya kufungwa. Wakala mwenye mkoba alimwona kwa mbali, akanyoosha mkono kupokea fomu. Leseni alimpa, ikiwa haina sahihi, akapita.

Dada wa kaunta alikuwa ameshaanza kupanga karatasi zake.

— Umerudi.

— Nimerudi. Ile ndogo, ya miezi mitatu.

Dada alivuta fomu mpya.

— Jina la mwendeshaji?

Akalitaja lake, majina yote matatu.

— Umri?

— Ishirini na moja.

— Leseni ina muda gani?

— Wiki tatu.

Dada aliandika, akaacha kuandika, akamtazama.

— Unajua hata hii kwako ni ghali?

— Najua.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Leseni alivuta kiti, akakaa.